Play bila CD: kwa mchezaji wa Kivu, bei siyo swali la kwanza

Kwa miaka mingi, wapenzi wa michezo ya video walikuwa na kanuni moja: kama huna pesa, subiri, bei itashuka. Kanuni hiyo imekufa. Tarehe 21 mwezi wa nane 2025, kampuni ya Sony ilipandisha bei ya PlayStation 5 huko Marekani. Ile yenye sehemu ya kuingizia CD ilifika dola 549,99, wakati ilitoka mwaka 2020 kwa dola 499,99. Ile isiyo na sehemu hiyo ilifika dola 499,99, wakati ilianza kwa dola 399,99.

Microsoft ilipandisha bei mara mbili katika mwaka huohuo wa 2025. Xbox Series S, iliyokuwa mashine ya watu wa mfuko mdogo, ilitoka dola 299,99 ikafika dola 379,99 mwezi wa tano, kisha dola 399,99 mwezi wa kumi.

Zamani mambo yalikuwa kinyume. PS2 ilianza kwa dola 299 mwaka 2000, ikashuka hadi dola 99 mwaka 2009. PS3 iliyokuwa ghali sana mwaka 2006 iliuzwa dola 299 miaka mitatu baadaye. Ndiyo sababu mashine hizo zilifika hadi katika mitaa yetu. Leo Sony inataja hali ngumu ya uchumi, na wachambuzi wengi wanaongeza ushuru mpya wa Marekani juu ya bidhaa za nje. Vipande vya ndani pia havipunguki bei kama zamani.

Habari hizi si za Wamarekani peke yao. Binamu yangu ana chumba cha kuchezea Play mjini Butembo: televisheni mbili, PS3 mbili, na watoto wanaolipa kwa mechi. Pesa hizo ndizo zinasaidia kulipa masomo ya wadogo zake. Ameweka akiba ili anunue PS5, na aliniuliza: «Kaka, ninunue sasa ao nisubiri?»

Nilimjibu kwamba kusubiri hakutamsaidia sana. Lakini nilimwambia pia kwamba swali lake si lile la kwanza. Swali la kwanza ni hili: ukiisha kulipa, mchezo utakuwa wako kweli?

Tuangalie namna viwanda vinavyokwenda. Xbox Series S haina sehemu ya CD. PS5 Pro, iliyofika dola 749,99 mwaka 2025, nayo inauzwa bila sehemu hiyo. Unaweza kuinunua pembeni kwa dola 79,99, lakini siku ya kuifunga kwa mara ya kwanza mashine inadai intaneti. Nintendo ilitoa Switch 2 mwezi wa sita 2025 kwa dola 449,99, na baadhi ya michezo yake inauzwa kwenye kadi isiyobeba mchezo wenyewe. Kadi hiyo inabeba ufunguo tu, na mchezo unapaswa kupakuliwa.

Kwa mtu wa Paris ao Tokyo, hilo ni jambo dogo. Kwa mtu wa Butembo, Bukavu ao Uvira, ni jambo kubwa. Michezo mingi ya leo inapita gigabaiti 50, na mingine inapita 100. Huku kwetu watu wananunua intaneti kwa mega, wanahesabu kila moja, na umeme unaweza kukatika katikati ya kazi. Kupakua mchezo mmoja kunaweza kula pesa za chakula cha juma zima.

Kuna tatizo lingine ambalo wauzaji hawasemi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo haimo katika orodha ya nchi ambazo Sony imefungulia rasmi duka lake la PlayStation Network. Wachezaji wetu wanajiandikisha kama wakaaji wa Ufaransa ao Ubelgiji, na wanatafuta mtu wa kuwalipia. Lakini akaunti yenye anwani isiyo ya kweli inaweza kufungwa, na michezo yote iliyolipiwa humo inaondoka nayo.

Dunia ilijionea jambo hilo mwezi wa tano 2024. Sony ilitaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation. Mchezo huo uliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 ambako huduma hiyo haipo. Baada ya malalamiko ya siku chache, Sony iliachana na sharti lile. Hata hivyo, wengi walielewa siku hiyo kwamba kuna wateja ambao kampuni haiwahesabu.

Jambo hili linaumiza zaidi ukikumbuka tunaishi wapi. Tantali inayotoka katika coltan inatumiwa katika vipande vidogo vya vyombo vya elektroniki duniani kote. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanakadiria kwamba machimbo ya Rubaya, katika eneo la Masisi, yanatoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia. Machimbo hayo yako mikononi mwa M23 tangu mwaka 2024. Sisemi kwamba kila PS5 ina coltan ya Rubaya. Ninasema kwamba udongo wetu unajulikana katika viwanda hivyo, lakini jina la nchi yetu halionekani dukani.

Wako watakaosema: CD ni mambo ya kale, ulimwengu unasonga. Ni kweli, na tena CD peke yake si ulinzi kamili. Ubisoft ilizima mitambo ya mchezo The Crew tarehe 31 mwezi wa tatu 2024, na hata waliokuwa na CD yake walibaki na kipande cha plastiki, kwa sababu mchezo ule ulihitaji intaneti daima. Huko California, tangu mwaka 2025 sheria inalazimisha maduka ya intaneti kumwambia mnunuzi wazi kwamba anapata ruhusa ya kutumia, hapati mali.

Wenye vyumba vya Play wanaijua hadithi hii kwa jina la PES. Mchezo huo wa mpira ulilisha familia nyingi. Mwaka 2021, Konami iliugeuza kuwa eFootball: ni bure, lakini unapatikana kwa kupakuliwa tu, na unategemea intaneti. Bure hiyo haikumsaidia mwenye chumba asiye na intaneti. Ndiyo maana CD za PES 2021 na za miaka ya nyuma bado zinazunguka mitaani.

Basi mtu afanye nini? Kwa maoni yangu, mwenye chumba ao mzazi asiye na intaneti ya kudumu anunue PS4 iliyotumika, yenye sehemu ya CD. Aijaribu mbele ya muuzaji kwa kuingiza CD, akate intaneti, acheze mechi nzima na maneti mbili. Anayetaka PS5 achague ile yenye CD, hata akiongeza dola 50. CD ile ataiuza, ataiazima, ao atabadilishana na jirani. Na ndugu walio Ulaya wanaotuma zawadi waulize kwanza: mtoto ana intaneti? Play isiyo na CD katika nyumba isiyo na intaneti ni sanduku zuri tu.

Binamu yangu hajanunua PS5. Amechukua PS4 mbili zilizotumika pamoja na CD nne, na pesa zikabaki za betri ya sola. Watoto wa mtaa hawakuuliza ni mashine ya mwaka gani. Waliuliza nani anaanza.