Gede ya Kompyuta Itasema Lugha Gani?

Mwezi wa Julai 2024 Shirika la UNESCO liliuingiza mji wa kale wa Gede katika orodha ya Turathi za Dunia. Tangu siku hiyo nimesikia pendekezo moja likirudiwa katika vikao vya wasomi na hata katika mabaraza ya walimu: kwamba magofu yale yajengwe upya ndani ya kompyuta, ili mwanafunzi wa Garissa au Kakamega avae miwani maalumu na atembee katika vichochoro vya mji huo kama ulivyokuwa watu wake wangali hai.

Sina ugomvi na wazo lenyewe. Mwalimu yeyote aliyewahi kuchangisha nauli ya basi la safari ya masomo anajua ni wanafunzi wangapi hubaki nyumbani. Isitoshe, mizizi ya miti inazidi kupenya katika kuta za matumbawe, na picha iliyopimwa kwa makini leo huenda ikawa ndiyo kumbukumbu ya pekee ya ukuta utakaoanguka kesho.

Hata hivyo, miezi michache iliyopita mwanafunzi wangu mmoja aliniletea mfano wa kazi ya namna hiyo, alioutengeneza yeye na wenzake. Nikavaa ile miwani. Waama, nilistaajabu! Dari lililoporomoka zamani lilikuwa limerudi mahali pake, kibla ya msikiti iking'aa kwa chokaa mpya. Kando ya kaburi lile lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, walikuwa wamesimama wafanyabiashara wawili. Mmoja akamwambia mwenzake, "Karibu mezani, tule."

Nikavua miwani.

Neno "meza" tulilipata kwa Wareno, na Vasco da Gama alifika pwani yetu mwaka 1498. Mzee yule wa kompyuta alikuwa ameazima neno takriban miaka mia moja kabla ya mwenye neno kutia nanga. Na kilichokuwa juu ya meza hiyo kilikuwa ugali wa mahindi, ilhali mahindi ni mmea wa Marekani ambao haukuwa umevuka bahari. Nilipomweleza mwanafunzi wangu, alicheka akasema hayo ni mambo madogo, mtazamaji hatayaona.

Hapo ndipo nisipokubaliana naye, na sababu yangu ni kuwa mtazamaji hataona hasa kwa kuwa kila kitu kimechorwa kwa uhakika uleule. Ukuta wa jumba la mfalme umepimwa, upo, unashikika. Mazungumzo ya watu wa Gede hayakuacha hata jiwe moja. Maandishi ya Kiswahili ya kale zaidi tuliyo nayo ni barua za mwaka 1711 na baadaye kidogo, zilizohifadhiwa Goa, nchini Uhindi. Kati ya barua hizo na kaburi lile pana zaidi ya miaka 300. Nyuma ya hapo tuna vipande tu, kama neno ambalo msafiri al-Masudi alilitaja katika karne ya 10 kuwa jina la wafalme wa Wazanji, ambalo wataalamu wengi hulisoma kuwa "wafalme".

Sisi wanaisimu tunayo njia ya kukisia. Tunalinganisha lahaja: Mwamu husema "ndia" na "mato" pale ambapo Kiswahili sanifu kina "njia" na "macho". Tunalinganisha pia na lugha jirani za Kimijikenda, kisha tunarudi nyuma hatua kwa hatua. Makisio hayo yana misingi, lakini yanabaki kuwa makisio, na anayeyasikia ana haki ya kuambiwa hivyo.

Wenzetu wamekwisha kulitambua jambo hili. Waliojenga upya Roma ya mwaka 320 kwa kompyuta, kazi iliyoonyeshwa kwa umma mwaka 2007, walitenganisha majengo yanayojulikana vyema na yale ya kukadiria, na haya ya pili ndiyo mengi kati ya majengo yapatayo 7,000. Mkataba wa London wa mwaka 2006 nao huwataka wachoraji waeleze wamefikiaje kila uamuzi.

Gede inahitaji uangalifu huo maradufu, kwa maana hata majina yake aghalabu si ya wenyewe. Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Fedha za Kichina: hayo ni majina aliyoyatoa Mwingereza James Kirkman, aliyeanza kuchimbua mwaka 1948, kwa kufuata alichookota ndani. Jina Gede lenyewe husemekana ni la Kioromo, na yamkini wakazi waliuita mji wao Kilimani. Tena wengi wao waliishi katika nyumba za udongo na makuti zisizoacha kuta. Mchoro unaoonyesha majumba ya mawe peke yake unamwambia mtoto kwamba babu zetu wote walikuwa matajiri. (Babu yangu angecheka sana.)

Basi meza ya watengenezaji isiwe ya wahandisi na wauza utalii tu. Wapeni viti walimu wa Kiswahili na wa historia, na Wagiriama wanaoishi kandokando ya magofu hayo, ambao wana masimulizi yao kuhusu mji huo.

Mwanafunzi wangu alirudi wiki jana na toleo la pili. Meza imeondoka, wazee wameketi juu ya mkeka, ugali umekuwa wali. Ukiwatazama kwa muda, maandishi hutokea: "Maneno haya ni ya kukisia." Kuhusu salamu waliyopeana bado tunabishana. Yeye anataka "Hujambo". Mimi nimemwomba anipe muda hadi muhula ujao.