Mkono Mtupu Nao Una Nafasi Mezani



Hapa Rwanda, Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa Agosti ni siku ya Umuganura, sikukuu ya mavuno. Katika nchi za kaskazini sikukuu za namna hii huja majani yanapopukutika: Wakanada hushukuru Jumatatu ya pili ya Oktoba, Wamarekani Alhamisi ya nne ya Novemba. Kwetu huja wakati wa kiangazi, mtama ukiwa umekwisha kuvunwa. Tarehe hutofautiana, ila shughuli hufanana: ukoo hukusanyika katika nyumba moja, kuanzia bibi hadi mtoto anyonyaye, na mmoja wao huwa mwenyeji.

Mwaka jana uenyeji uliniangukia mimi, nami niliufanya vibaya. Nilidhani mwenyeji mwema ni yule mwenye vingi. Nikakodi viti, nikamlipa mpishi, nikanunua nyama kuliko uwezo wangu. Kisha nikawapigia simu ndugu zangu wote: kila mmoja aje na mavuno yake, atusimulie alichovuna mwaka huu. Siku ilipofika, watoto walilishwa mapema wakapelekwa uani ili wasitusumbue. Bibi alipewa kiti kizuri kuliko vyote, mbele ya televisheni, na hakuna aliyemuuliza neno hadi jioni. Baada ya chakula tulisimama mmoja mmoja: kaka akataja cheo kipya, shangazi ng'ombe aliyezaa, mpwa wangu matokeo ya mtihani. Tukapiga makofi.

Binamu yangu hakuja. Alihitimu chuo kikuu miaka mitatu iliyopita na hadi leo anatafuta kazi. Nilipompigia kumlaumu, alinijibu kwa sauti ya kucheka: "Dada, si wewe uliyetufundisha kwamba mkono mtupu haulambwi?" Yeye alicheka, mimi sikuweza.

Tangu siku ile nimeshika msimamo mmoja, nao ndio ninaotaka kuutetea hapa: sikukuu ya mavuno humhusu kwanza yule ambaye hakuvuna. Mwenyeji anayemsahau huyo amepika tu; hajaalika.

Tazameni historia. Zamani za ufalme, mfalme alionja mtama na ulezi mpya kwa taratibu maalumu, na katika kila boma familia nazo zikaonja mavuno yao pamoja. Mwaka 1925 wakoloni wa Kibelgiji waliipiga marufuku ibada hiyo ya kifalme, na Gashamura, mkuu wa taratibu zake, akahamishiwa Burundi. Mtawala hahangaiki kupiga marufuku sahani ya ugali. Kilichomtisha ni watu waliofungamana. Tangu mwaka 2011 sikukuu hii imerudishwa kitaifa, na maana yake imepanuliwa: mavuno sasa ni mafanikio ya kila kazi, si ya shamba peke yake. Siupingi upanuzi huo. Mimi mwenyewe ni mwalimu nisiye na hata tuta la viazi. Lakini tusipoangalia, karamu itageuka mtihani, na anayejua kwamba atafeli hatatia mguu.

Hapa lugha yenyewe hutufundisha. Katika Kinyarwanda, *kuganura* ni kuonja mavuno ya kwanza. *Kuganuza* ni kumwonjesha mwingine, hasa asiyevuna. Nanyi mnajua jambo hilo katika Kiswahili: onja, onjesha. Kitenzi cha kwanza mtu aweza kukitenda akiwa peke yake jikoni, mlango umefungwa. Cha pili hakitendeki mpaka awepo mtu wa pili.

Mwaka huu niliomba tena kuwa mwenyeji. Wiki moja kabla ya sikukuu nilikwenda kwa binamu yangu kwa miguu yangu, sikupiga simu. Sikumwomba fedha. Nilimwomba amlete bibi kutoka mlimani kwake siku moja kabla, maana kuna kazi ambayo bibi peke yake aijua. Mpishi sikumwajiri. Bibi alikaa mkekani na ungo, akawafundisha vitukuu kupepeta mtama. Wakubwa wakasaga, wengine wakachambua mgagani. Mjomba aliyerudi kutoka Tanzania alikuja na watoto wanaojua Kiswahili kuliko Kinyarwanda, na bibi hajui Kiswahili. Mpwa wangu wa kidato cha pili alikaa katikati yao akitafsiri mchana kutwa. Hayo yalikuwa mavuno yake, nami sikumpa alama. Chakula kilipoiva, watoto walipewa maziwa kwanza, kama mila inavyotaka, tena mezani pamoja nasi.

Baada ya kula sikuuliza, "Umevuna nini?" Niliuliza, "Mwaka huu nani amekuonjesha?" Bibi alimtaja binamu yangu. Kumbe kila Jumamosi humtekea maji na kumkatia kuni. Sisi wenye vyeo hatukuwa na habari.

Wapo watakaosema kwamba tukiacha kuulizana mafanikio, vijana watabweteka. Nawaheshimu, kwa kuwa nami hudai kazi ya nyumbani kila wiki. Lakini kazi ina mahali pa kudaiwa: darasani, ofisini, katika vikao vya ukoo. Asiye na ajira huulizwa habari za ajira siku zote za mwaka. Haoni jipya kuulizwa mara moja zaidi mbele ya ugali. Na wala sijaifuta ile methali ubaoni. Mkono mtupu haulambwi sokoni, wala kwa wageni. Lakini mkono wa bibi sasa ni mtupu, na wa mtoto bado ni mtupu. Tukiipeleka methali hiyo katika meza ya ukoo, wa kwanza kuinuka watakuwa hao wawili.

Basi, kabla ya sikukuu ijayo nyumbani kwenu, iwe ya mavuno, Idi au Krismasi, ulizeni swali moja: nani hatakuja, na kwa nini? Andikeni aya moja kwa Kiswahili sanifu mniletee. Kisha mwendeeni mtu huyo kabla ya siku yenyewe, mkiwa na kazi ya kumpa.