Daftari la biashara limehamia mtandaoni, lakini ufunguo anao nani?

Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari. Msemo huu ungali kweli, msomaji, ila daftari lenyewe limebadilika. Zamani lilikuwa lile la wanafunzi, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, likiwekwa chini ya kaunta pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi isije ikatoweka. Mwenye duka aliandika, mwenye duka akasoma, na alipofunga mlango jioni, hesabu nayo ililala.

Siku hizi biashara ndogo nyingi si za mtu mmoja. Pita katika mitaa ya Manyatta, jijini Kisumu, utakuta duka ambalo mama ndiye mwenye mtaji, mwana ndiye muuzaji, na binti aliye Nairobi ndiye anayeagiza bidhaa. Watu watatu, simu tatu, daftari moja. Jumapili ya leo tuzungumzie jinsi watu kama hao wanavyoweza kuandika katika daftari moja bila kukaa chumba kimoja, na hatari moja ambayo wengi huigundua wakiwa wamechelewa.

Tuchukue mfano wa kazi ambayo kila mkazi wa Kisumu anaijua: kukodisha hema, viti na sufuria. Matanga na harusi aghalabu huangukia mwisho wa wiki, na hakuna familia itakayotaka kuwaketisha wageni juani. Tuseme ni biashara ya ndugu watatu. Kifungua mimba yuko Manyatta na ndiye mlinzi wa bohari. Dada yake anauza mitumba katika soko la Kibuye na hupokea oda kutoka kwa wateja wake wa nguo. Kitinda mimba anasoma chuo huko Maseno na hutafuta wateja kwa simu. Mama yao ndiye aliyetoa fedha za kununulia hema za kwanza.

Sasa tazama linalotokea. Jumanne dada anaahidi hema nne kwa familia iliyofiwa huko Ahero, naye anapokea amana kwa M-Pesa. Jumatano kaka anaahidi hema nne hizo hizo kwa harusi ya upande wa Maseno, naye anapokea amana. Kila mmoja ameandika vizuri katika daftari lake. Ijumaa jioni lori linasimama mbele ya bohari, dereva anauliza, "Tunaelekea wapi?", na hapo ndipo ndugu wanapotazamana.

Mfiwa hawezi kuambiwa asubiri wiki ijayo. Bwana harusi naye vivyo hivyo. Amana ya mmoja itarudishwa, jina la biashara litachafuka kuanzia Kondele hadi Ahero, na huenda ndugu wasisemezane mpaka mama awaite na kuwakalisha chini. Wala hakuna aliyeiba. Kosa ni kwamba biashara moja ilikuwa na madaftari matatu.

"Sisi tuna kikundi cha WhatsApp"

Najua wako watakaonijibu hivyo, na si jibu baya. Kikundi cha WhatsApp hufaa kwa kupashana habari. Lakini habari si hesabu. Oda iliyotumwa saa tatu asubuhi, kufikia saa sita imekwisha kuzama chini ya salamu, maombi na picha za mtoto wa shangazi. Atakayeitafuta Alhamisi itambidi apandishe ujumbe kwa kidole mpaka kidole kichoke. Kikundi ni baraza la mazungumzo, nalo baraza huhitaji katibu na kitabu cha kumbukumbu.

Kitabu hicho sasa kipo. Ni programu za ofisi ambazo hazikai ndani ya kompyuta yako bali katika mitambo ya kampuni iliyozitengeneza, nawe unazifikia kwa njia ya intaneti. Kwa kuwa hati iko mahali pamoja, watu wawili au kumi wanaweza kuifungua kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa simu yake, na mmoja akiandika mstari wengine wanauona papo hapo.

Jambo hili si la jana. Mwaka 2005 kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Upstartle ilitoa programu ya Writely, iliyowawezesha watu kadhaa kuandika hati moja kupitia mtandao. Google iliinunua Machi 2006, na Juni mwaka huo ikatoa jedwali lake la hesabu. Hizo ndizo tunazoziita leo Google Docs na Google Sheets. Zoho, kampuni yenye makao yake Chennai, India, nayo imo katika kazi hiyo tangu 2005. Microsoft, ambayo kwa miaka mingi iliuza programu zake katika visanduku madukani, ilileta Office 365 mwaka 2011.

Kwetu Kenya mambo yalisubiri nyaya. Kabla ya 2009 intaneti ilitegemea sana setilaiti, ikawa ghali na ya kusuasua. Mwaka huo nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari, na kidogo kidogo bei ikashuka. Watu wa saiba za Kondele watakumbuka jinsi hati zilivyosafiri kabla ya hapo: kwa disketi, kisha kwa flashi, moja ikiitwa "Orodha mpya", nyingine "Orodha mpya kabisa", ya tatu "Orodha ya mwisho", na hakuna aliyejua ya kweli ni ipi.

Jedwali moja, macho mengi

Kwa ndugu wetu wa hema, jedwali moja lenye safu saba linatosha: tarehe, jina la mteja, mahali, idadi ya hema, idadi ya viti, amana iliyolipwa, na baki. Vichwa vya safu waweza kuviandika kwa Kiswahili au kwa Kidholuo, mradi mama naye aweze kusoma. Hakuna haja ya kompyuta; simu ya kawaida yenye intaneti inatosha. Sheria iwe moja tu: hakuna kuahidi hema kabla ya kufungua jedwali na kutazama tarehe. Lisiloandikwa hapo halijaahidiwa.

Anayefungua jedwali huchagua nani aingie na kwa uwezo gani. Kuna anayeruhusiwa kusoma tu, kuna anayeweza kutoa maoni bila kubadili kitu, na kuna anayeweza kuandika na kufuta. Kaka na dada wapewe uwezo wa kuandika. Dereva, ambaye anachohitaji ni kujua aende wapi, hana haja ya kuona fedha za watu. Atengenezewe orodha yake ya safari, naye aisome tu.

Kisha kuna kumbukumbu ya mabadiliko. Programu hizi huhifadhi historia ya hati, kwa hiyo mwenye ruhusa ya kuandika anaweza kurudi nyuma na kuona ilivyokuwa juzi, na nani aligeuza nini. Elfu tatu ikigeuka kuwa elfu mbili, haitageuka kimyakimya. Lakini hilo litafaa tu iwapo kila mtu anaingia kwa akaunti yake. Wote wakitumia akaunti moja, historia itaonyesha jina moja tu, na mtakuwa mmerudi kwenye kulaumiana.

Hapa naomba tuelewane, wazazi. Historia hiyo si rungu. Ukiifungua kila jioni kumsaka mwanao au mfanyakazi wako, ataanza kuandika kidogo na kuficha kingi. Itumie kama shahidi anayeitwa panapokuwa na shaka, na mara nyingi utakuta kwamba shahidi huyo anamwondolea mtu lawama.

Pia usisahau kwamba jedwali si fedha. Jumbe za M-Pesa katika simu ya kila mmoja ndizo zinazosema kilichoingia kweli. Tengeni nusu saa kila wiki, mlinganishe jumbe hizo na safu ya amana.

Ufunguo anao nani?

Sasa tufike kwenye kiini cha safu ya leo. Daftari la karatasi lilikuwa na mwenyewe anayeonekana: aliyelishika. Daftari la mtandaoni ni la mwenye akaunti iliyolifungua. Nani hufungua? Karibu kila mara ni kijana wa nyumbani anayejua mambo hayo. Anatumia barua pepe yake mwenyewe, namba yake ya simu, na neno la siri analolijua yeye peke yake. Mama anafurahi, kaka anafurahi, kazi inaendelea.

Miaka miwili baadaye kijana amemaliza chuo na kupata kazi Nairobi, au amepanda ndege kwenda Qatar. Au wamekosana. Au, Mungu apishe mbali, amefariki. Orodha ya wateja, madeni yasiyolipwa, oda za Desemba, vyote viko katika akaunti ambayo hakuna mwingine awezaye kuiingia. Wengine wanaweza kuendelea kuliandikia jedwali, lakini mwenye mali kwa hesabu ya mtandao ni yule aliyeondoka. Akiifuta akaunti yake kwa sababu zake, daftari la biashara linakwenda nayo.

Si lazima hata aifute. Mwaka 2023 Google ilitangaza kwamba akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo, na utaratibu huo ulianza kutumika Desemba mwaka huo. Akaunti ya marehemu haitumiki. Akaunti iliyosahauliwa neno lake la siri nayo haitumiki.

Dawa yake si ngumu, ila itolewe mapema. Kwanza, fungueni akaunti ya biashara yenyewe, yenye jina la biashara, na hiyo ndiyo ianzishe jedwali. Kila ndugu aalikwe kwa akaunti yake binafsi. Kama jedwali lilikwisha kufunguliwa na kijana, anaweza kuihamishia akaunti ya biashara umiliki wake akiwa hai, mwenye furaha na yuko mezani. Pili, namba ya simu ya kurejeshea akaunti iwe ya mtu asiyebadilibadilisha laini, kwa maana laini iliyoachwa muda mrefu huweza kuuziwa mtu mwingine. Tatu, watu wawili, si mmoja, wajue neno la siri. Nne, washeni ulinzi wa hatua mbili, na zile namba kumi za akiba ambazo Google hutoa ziandikwe kwenye karatasi na kuwekwa panapowekwa hati ya shamba na vyeti vya kuzaliwa. Zina uzito wa aina hiyo.

Msidhani kumwomba kijana afanye haya ni kumshuku. Mwambieni kwa lugha ya heshima kwamba kazi aliyoianzisha imekuwa kubwa kuliko simu yake. Nanyi wanafunzi mnaosoma safu hii, msingoje kuombwa. Kuwafungulia wazazi daftari la mtandaoni ni msaada. Kuwakabidhi ufunguo wake ni adabu.

Umeme ukipotea

Kuna mambo mawili matatu ya tahadhari. Intaneti hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu chini ya bahari, na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ikabaki na intaneti ya kukokota miguu. Programu hizi huruhusu kuandika bila mtandao endapo umeweka mpangilio huo kabla, kisha hati hujisawazisha mtandao ukirudi. Lakini ndugu wawili wakiahidi hema wakati huo, mgongano utarudi pale pale, kwa hiyo mtandao ukiwa chini, pigianeni simu kwanza.

Na lile daftari la kuzidisha? Usilitupe. Kila Jumapili jioni mmoja anakili humo oda za wiki inayokuja. Ni kazi ya dakika kumi, nayo haihitaji bando wala umeme.

Jambo la mwisho ni siri za wateja. Kuna njia ya kugawa hati ambapo yeyote aliye na kiungo chake anaweza kuifungua. Ni rahisi, na ndiyo maana ni hatari: kiungo kikisambazwa katika kikundi kimoja, majina, namba za simu na madeni ya watu yatakuwa wazi kama nguo kwenye kamba. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, anayehifadhi habari za watu anawajibika kuzilinda, naye mfanyabiashara mdogo asijione yuko nje. Aliyefiwa hakukupa namba yake ili isomwe na mtaa mzima.

Kuhusu gharama, mwanzo ni bure. Akaunti ya kawaida ya Google huja na nafasi ya gigabaiti 15, na jedwali la oda za hema litachukua miaka mingi kabla ya kuijaza. Huduma za kulipia, zinazotozwa kwa kila mtumiaji kwa mwezi, zina faida kwa biashara yenye wafanyakazi kadhaa, kwa kuwa humpa mwenye biashara mamlaka juu ya akaunti zote za kazi. Ndugu watatu wa Manyatta wanaweza kusubiri.

Basi msomaji, leo baada ya chakula cha jioni, uliza swali moja mezani: "Daftari letu liko kwa akaunti ya nani?" Kama jibu ni jina la mtu mmoja, msilale kabla hamjaongeza la pili.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.