Televisheni ya Bure Kutoka Angani: Ufunguo Umo Mikononi mwa Nani?

Mwezi wa Septemba 2025 kampuni ya Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha ununuzi wa kampuni ya MultiChoice ya Afrika ya Kusini. Habari hiyo ilipita katika kurasa za biashara, na wananchi wengi hawakuitilia maanani. Hata hivyo uzito wake kwa nchi zetu si mdogo. Kwa miaka mingi Canal+ ilijulikana zaidi katika nchi zitumiazo Kifaransa, zikiwemo Kongo, Rwanda na Burundi, ambapo MultiChoice, kwa jina la DStv, ilijijengea nguvu Uganda, Kenya, Tanzania na Zambia. Sasa milango hiyo miwili ina mwenye nyumba mmoja.

Si makusudi ya uchambuzi huu kumlaumu mfanyabiashara. Anayeuza mpira wa miguu na sinema ana haki ya kutaka bei yake, na mnunuzi ana haki ya kukubali au kukataa. Lakini katika ungo uleule na king'amuzi kilekile hupita pia taarifa ya mafuriko, tangazo la chanjo, hotuba ya kiongozi wa nchi na matokeo ya uchaguzi. Mambo hayo si bidhaa ya anasa. Hivyo yafaa tujiulize: mwananchi asiye na fedha za kulipa kila mwezi ana njia gani ya kuyapata, na ni nani aliye tayari kuigharimia njia hiyo?

MAANA YA BURE

Kwanza yafaa ieleweke jinsi matangazo ya angani yanavyofanya kazi. Setilaiti ya televisheni huwekwa juu ya mstari wa Ikweta, umbali wa karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini. Katika umbali huo huizunguka dunia kwa mwendo sawa na ule ambao dunia yenyewe hujizungusha, na kwa sababu hiyo sisi tulio chini huiona kama imesimama mahali pamoja. Kituo cha ardhini huirushia mawimbi, nayo huyarudisha chini yakaenea juu ya nchi nyingi kwa wakati mmoja. Iwapo anayepokea ni mtu mmoja au watu milioni kumi, gharama ya kurusha haibadiliki.

Kwa hiyo linalotofautisha televisheni ya kulipia na ya bure ni kufuli, si mawimbi. Kampuni ya kulipia huyavuruga matangazo yake kwa siri maalumu, na kadi iliyolipiwa ndiyo huyarudisha katika hali ya kutazamika. Chaneli ya bure hurushwa bila kufuli. Anayetaka kuipokea huhitaji ungo, kile kipokezi kinachokaa mbele ya ungo ambacho mafundi hukiita LNB, waya, na king'amuzi cha kawaida kisichohitaji kadi. Chaneli zirushwazo katika masafa ya Ku hunaswa kwa ungo mdogo usiofika mita moja. Zile za masafa ya C hutaka ungo mkubwa zaidi, mara nyingi wa mita mbili hivi, ila faida yake ni kwamba haziyumbi sana wakati wa mvua kubwa, jambo lenye maana katika nchi za Ikweta. Fundi akishauelekeza ungo kwenye setilaiti inayotakiwa na king'amuzi kikaagizwa kutafuta, gharama huishia hapo.

Aidha, isidhaniwe kwamba kuvunja kufuli la kampuni kwa kadi ya bandia au kwa siri zinazouzwa kichochoroni ni sawa na kupokea chaneli ya bure. Huo ni wizi, tena wizi usio na faida ya kudumu, maana kampuni ikibadilisha siri zake, mnunuzi hubaki akitazama kioo cheusi. Chaneli ya bure haimlazimishi mtu kuvunja sheria wala kujificha.

Ipo mipaka yake pia. Setilaiti haimuliki dunia nzima kwa nguvu sawa: mawimbi yaliyokusudiwa nchi za Kiarabu yanaweza yasifike kabisa Bujumbura. Kadhalika haki za kuonyesha michezo mikubwa huuzwa nchi kwa nchi, kiasi kwamba kituo cha nchi moja kinaweza kulazimika kufunga matangazo yake angani saa ya mchezo ili yasitazamwe katika nchi jirani. Anayenunua ungo kwa tamaa ya kupata kila kitu atavunjika moyo.

HISTORIA ILIYOPITA JUU YA VICHWA VYETU

Ni watu wachache wanaokumbuka kwamba moja ya majaribio makubwa ya kwanza ya televisheni ya setilaiti ya moja kwa moja lilifanywa juu ya eneo letu hili. Mwaka 1975 Marekani iliisogeza setilaiti yake iitwayo ATS-6 hadi nyuzi 35 Mashariki, juu ya Kenya, si mbali na Ziwa Viktoria. Lakini haikusimama pale kwa ajili ya wavuvi wa ziwa hilo. Kwa mapatano na serikali ya India, tangu Agosti 1975 hadi Julai 1976 setilaiti hiyo ilirusha vipindi vya kilimo, afya na elimu, kwa muda wa saa nne hivi kila siku, kwa vijiji vipatavyo 2,400 vya India. Vijiji hivyo vilitumia nyungo za wavu wa waya zenye upana wa mita tatu, na wanavijiji walikusanyika mbele ya seti moja ya pamoja bila kutozwa ada.

India haikuliacha funzo hilo lipotee. Mwezi wa Desemba 2004 shirika lake la utangazaji la taifa lilianzisha huduma ya setilaiti ambayo sasa huitwa DD Free Dish. Mwananchi hununua ungo na king'amuzi mara moja tu, kisha hatozwi ada ya mwezi, na huduma hiyo imeingia katika makumi ya mamilioni ya nyumba, hasa za vijijini. Gharama hulipwaje? Shirika la taifa hubeba chaneli zake za umma, na nafasi zinazosalia hupigwa mnada kwa vituo vya binafsi. Vituo hivyo hulipa kwa sababu vinawataka watazamaji, na watazamaji wengi huleta matangazo ya biashara. Mzigo umetolewa begani mwa mkulima ukatwikwa kwa yule anayetaka kuzungumza naye.

Katika bara letu Afrika ya Kusini imekwisha kuonyesha mfano wa namna hiyo. Mwezi wa Oktoba 2013 huduma ya Openview ilianza huko: mtu hununua vifaa mara moja, hatozwi ada ya mwezi, na gharama za uendeshaji hutegemea zaidi biashara ya matangazo. Kwa hiyo asitokee mtu akadai kwamba jambo hili linawezekana Asia tu.

MIGOGORO YA JIRANI

Katika Afrika ya Mashariki jambo hili limekwisha kuzua migogoro, na kila mmoja una funzo lake. Nchini Kenya, tarehe 14 Februari 2015, wakati wa kuhama kutoka mitambo ya zamani kwenda ya dijitali, mitambo ya makampuni matatu makubwa ya utangazaji ilizimwa, na vituo vyao vikatoweka hewani kwa karibu wiki tatu. Miongoni mwa malalamiko ya makampuni hayo ni kwamba matangazo yao yalikuwa yakibebwa na kampuni za kulipia bila ridhaa yao.

Nchini Tanzania, mwezi wa Agosti 2018, mamlaka ya mawasiliano ilizitaka kampuni za setilaiti za kulipia ziache kubeba chaneli za bure za nchini, kwa hoja kwamba leseni zao hazikuwaruhusu, na kwamba haikuwa haki mwananchi kulipishwa kwa kitu kilichokusudiwa kuwa bure. Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Lakini matokeo yake kwa mtu aliyekaa mbali na minara ya ardhini, ambaye ungo ndio uliokuwa jicho lake pekee, yalikuwa kwamba hakuzipata tena chaneli za nchi yake kwa njia aliyoizoea, huku zile za ng'ambo zikiendelea kumfikia.

Migogoro hiyo miwili inatuonyesha jambo moja. Sheria yaweza kutamka kwamba chaneli fulani ni ya bure, lakini kama njia pekee ya kuifikia nyumba ya mwananchi ni king'amuzi cha kampuni ya kulipia, ubure huo unaishi kwa hisani ya mwingine. Ada ikiisha, kampuni ikigombana na serikali, au kampuni ikiuzwa kama ilivyouzwa ile ya mwaka 2025, hatima ya chaneli ya taifa huamuliwa mezani ambapo taifa lenyewe halina kiti.

MGENI ALETAYE ZAWADI

Hapana budi pia tuzungumze juu ya chaneli za bure zinazotoka nje, maana ndizo nyingi. Anayezirusha hulipa fedha nyingi kukodi nafasi katika setilaiti. Kama mtazamaji halipi, yuko anayelipa: serikali inayotaka sauti yake isikike, jumuiya ya dini inayotafuta waumini, au mfanyabiashara anayetafuta wanunuzi. Hakuna ubaya katika hilo peke yake. Shirika la Al Jazeera la Qatar, lililoanzishwa mwaka 1996, lilijenga jina lake kwa matangazo yasiyo na kufuli, na limewapa watu wengi habari ambazo wasingezipata kwingine. Lakini mtazamaji mwerevu huuliza fedha zatoka wapi kabla hajaamini anachoonyeshwa.

Vivyo hivyo kuhusu mpango uliotangazwa na Uchina mjini Johannesburg mwezi wa Desemba 2015, wa kuvifikishia vijiji 10,000 vya Afrika televisheni ya setilaiti, ambao utekelezaji wake ulikabidhiwa kampuni ya StarTimes. Vijiji vilivyokuwa gizani vilipata picha, na shukrani ni wajibu. Pamoja na hayo, kampuni hiyo ni ya biashara, na aliyeonjeshwa bure leo ni mteja anayetazamiwa kesho. Rafiki akitujengea mlango, ni juu yetu kuamua nini kipite mlangoni hapo.

HAKI ILIYOKO KATIKA KARATASI

Nchi zetu hazikulala siku zote. Mwezi wa Desemba 1976 nchi zilizo juu ya Ikweta, zikiwemo Kenya, Uganda na Zaire ya wakati ule, zilitia saini Azimio la Bogotá na kudai kwamba njia ya setilaiti iliyo juu ya ardhi yao ni sehemu ya mali yao. Mataifa makubwa hayakulikubali dai hilo. Hata hivyo mwaka 1977, katika mkutano wa kimataifa wa mawasiliano mjini Geneva, nchi za Afrika, sawa na zile za Ulaya na Asia, zilitengewa mahali pake angani na masafa ya televisheni ya setilaiti. Kwa upande wetu wa dunia kila nchi ilipata kwa kawaida chaneli tano, na mwaka 2000 hesabu hiyo ikafanywa kumi. Kisha tarehe 10 Desemba 1982 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha, kwa kura 107 dhidi ya 13, kanuni zinazotaka nchi irushayo matangazo ya setilaiti kwa watu wa nchi nyingine ishauriane na kupatana nayo kwanza.

Basi haki tunayo tangu zamani. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuitumia. Hakuna anayezitaka nchi zetu zirushe kila moja setilaiti yake kwa gharama isiyobebeka. Nafasi katika setilaiti zilizopo hukodishwa, na nafasi moja ya dijitali hubeba chaneli nyingi. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zaweza kukodi kwa pamoja, zikaweka humo chaneli za umma za kila nchi bila kufuli, na nafasi zinazobaki zikauzwa kwa vituo vya binafsi kama wafanyavyo Wahindi. Kiswahili, ambacho ni moja ya lugha za Jumuiya hiyo, kingeipa huduma hiyo watazamaji tangu siku ya kwanza. Wakati hayo yakisubiriwa, kila leseni ya kampuni ya kulipia iwe na sharti lililo wazi: ada ya mteja ikiisha, chaneli za umma zisizimwe.

Lakini ungo hauwezi kufanya kazi ya mtangazaji. Chaneli ya taifa isiyo na vipindi vyenye maana haitatazamwe hata ikitolewa bure mara mia; mtazamaji ataigeuza shingo ya ungo wake aelekee kwingine, na hakuna askari wa mpakani awezaye kuyazuia mawimbi. Ulinzi wa anga ya habari haufanywi kwa kuzima mitambo ya wengine. Hufanywa kwa kuwasha yetu, ikawa wazi kwa kila nyumba, na ikasema kweli. Mcheza kwao hutunzwa, lakini sharti kwanza awe na uwanja.