Amri Ikichelewa, Nani Anaamuru?

Katika hadithi za vita vya anga jenerali anasema tu, na chombo kilicho mbali sana kinajibu palepale. Sisi hatukubali. Redio inakwenda mbio kama mwangaza, lakini toka Dunia mpaka sayari ya Marsi, zikiwa mbali zaidi, inapita dakika 20. Kuuliza na kujibiwa, zaidi ya dakika 40! Adui atangoja?

Hata Afrika jambo hili lilionekana. Vita katika Ulaya vilisimama tarehe 11 Novemba 1918. Jenerali Mdachi von Lettow-Vorbeck alipata habari siku chache baadaye, katika inchi inayoitwa leo Zambia. Hizo siku askari wake walitii wakubwa katika vita vilivyokwisha. Damu ikimwagika hivyo, nani atajibu mbele ya Mungu?

Basi tunaona hivi: mkubwa wa mbali aeleze mbele ya safari shabaha ya kazi na mipaka yake. Mengine, aliye karibu aamue. Lakini amri ya kusimamisha vita ikifika, atii mara moja. Akida wa Kapernaumu (Matayo 8) alijua kuamuru sababu alijua kutii.

Ninyi wenzetu munasemaje?