Mstaarabu ni Nani?

Hapa Unguja, ukitoka Darajani kuelekea Bububu, ukishapita Maruhubi unafika Mtoni. Ufukweni yapo magofu ya kasri la Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, alikozaliwa binti yake Salme mwaka 1844. Kumbukumbu alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886 zimejaa habari za adabu: nani amwamkie nani, nani akae wapi. Seyyid alikula na watoto wake, lakini masuria, akiwemo mama mzazi wa Salme, hawakuketi naye mezani. Hiyo ndiyo iliyohesabiwa adabu.

Zama hizo hata neno lenyewe la kuitaja adabu lilikuwa linabadilika. Watu wa mwambao walikuwa wakisema uungwana. Muungwana alikuwa mtu huru, mwenye mji wake na ukoo unaojulikana, na mwenendo mwema ulidhaniwa ni urithi wake. Mtumwa hata akiwa mpole vipi, hakuitwa muungwana. Utawala wa Oman ulipoota mizizi Unguja, neno ustaarabu likapanda juu. Maana yake ya asili katika Kiarabu ni kuufuata Uarabu. Kipimo kikahama, ngazi zikabaki.

Uungwana haukufa, ulisafiri. Wapagazi wa misafara, wengi wao watumwa ama watoto wa watumwa, walipofika Manyema walijiita waungwana, na Kiswahili chao huko Kongo kikaitwa Kingwana. Jina walilonyimwa pwani walijipa wenyewe bara. Kwangu mimi kisa hiki kina thamani kuliko kasri zima la Mtoni. Hapa Unguja utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897, na mwaka 1928 mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika ukoo wa watumwa, alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake. Watu waliomdharau kwa asili yake ndio waliokuwa wastaarabu wa mji.

Wapo wanaotaka neno ustaarabu litupwe kwa sababu ya nasaba yake. Sikubaliani nao. Abiria anayesema “jamani, fanyeni ustaarabu” ndani ya daladala hataki mtu awe Mwarabu. Anataka mzee apishwe akae. Neno limekwisha kuwa letu. Kinachonikera ni kulitumia bado kumpimia mtu ukoo, rangi na mavazi kabla hata hajaitikia salamu.

Toleo hili lote linazungumzia adabu. Kwenu mnaotuandikia, ninaomba jambo moja: mkimwita mtu mstaarabu, tuambieni alitenda nini.