AFYA YETU: Sukari na Utumbo Wenye Vidonda

Tuzungumze juu ya sukari na utumbo.

Upo ugonjwa wa utumbo usioisha upesi. Utumbo huvimba na kufanya vidonda kwa ndani. Mgonjwa huhara kwa majuma mengi. Tumbo humsokota. Choo chake huweza kuwa na damu na ute. Mwili hukonda. Hupata nafuu, kisha ugonjwa hurudi. Chanzo chake hasa hakijajulikana.

Je, sukari inahusika? Mwaka 2020 wataalamu wa Dallas, nchini Marekani, walitangaza uchunguzi wao. Waliwapa panya maji yenye glukosi kwa siku 7. Glukosi ni sukari ya asili. Imo katika asali na matunda. Kila lita ya maji yale ilikuwa na gramu 100 za sukari. Kisha panya walipewa kemikali ya kuumiza utumbo. Waliokunywa sukari waliumwa zaidi kuliko waliokunywa maji matupu.

Sababu ni nini? Utumbo umefunikwa na ute kwa ndani. Ute huo ni kama udongo uliokandikwa kwenye ukuta wa fito. Udongo ukibanduka, fito huoza. Ndani ya utumbo huishi pia bakteria wengi. Sukari ile iliwazidisha bakteria wanaokula ute. Ute ukawa mwembamba, na utumbo ukakosa kinga.

Lakini angalia mambo mawili. Kwanza, panya wazima waliokunywa sukari kwa siku hizo chache hawakuugua. Pili, panya si mtu. Uchunguzi huu hauonyeshi kwamba sukari ndiyo chanzo cha ugonjwa kwa binadamu.

Kwa hiyo, usije ukasikia habari hii ukamnyima mtoto anayehara maji ya ORS. Kufanya hivyo ni hatari. Mtoto anayehara huweza kufa kwa kuishiwa maji mwilini. Glukosi iliyomo katika pakiti ya ORS husaidia chumvi kupita kwenye ukuta wa utumbo. Chumvi ikipita, maji huifuata. Hivyo maji hurudi mwilini.

Tena, tazama kipimo. Lita moja ya ORS ina gramu 13 na nusu tu za glukosi. Maji ya wale panya yalikuwa na sukari zaidi ya mara 7 ya hiyo. Basi changanya pakiti kwa maji safi, kwa kipimo kilichoandikwa. Usiongeze sukari ili yawe matamu. Sukari ikizidi, kuhara huweza kuzidi.

Na wewe uliye mtu mzima, ukiona damu katika choo, usikae nyumbani ukibahatisha dawa. Nenda zahanati au hospitali, choo kipimwe. Damu huweza kuletwa na amiba, kichocho, au ugonjwa huu tuliousimulia. Kila ugonjwa una dawa yake.

Sukari ni ileile. Kipimo chake na hali ya utumbo ndivyo huleta tofauti.

Maswali ya kujadiliana:
1. Ute wa utumbo una kazi gani?
2. Kwa nini mtoto anayehara apewe ORS?
3. Ukiona damu katika choo utafanya nini?